Mwongozo wa Kusikiliza Albamu Nzima Mutanga Nord

Mutanga Nord, mtaa wetu wa Bujumbura, ina karibu kila kitu anachohitaji mpenzi wa muziki. Nyumba zina ua na ukuta. Jioni hupoa mapema kuliko kule chini mjini, na kwenye baraza nyingi unakaa ukiliangalia ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo yake. Majirani wapo, na masikio wanayo. Kilichopungua ni utaratibu.

Mtu ana nyimbo maelfu kwenye simu, lakini hana hata albamu moja anayoijua kutoka mwanzo hadi mwisho. Wimbo ukifika kwenye ubeti wa pili, kidole kimeshauruka. Mgeni akija, anawekewa nyimbo kumi nusunusu, kisha anaonyeshwa video, kisha mwenyeji anapigiwa simu na muziki unazimwa. Mgeni anaondoka hajasikia kitu. Huu ni msiba wa kijamii, na unatibika.

Mwongozo huu una kanuni tisa. Ni kali kwa makusudi, kwa sababu albamu ni kazi ya watu waliofungiana studio, wakagombana, wakapatana, wakapanga wimbo upi utangulie na upi ufunge. Kukaa nao kwa saa nzima ndiyo heshima ndogo kabisa tunayoweza kuwapa. Kuisikiliza hiyo albamu pamoja na jirani ndiyo faida kubwa kabisa tunayoweza kujipa wenyewe. Kanuni zianze kutumika Mutanga Nord, zivuke hadi mitaa ya Gihosha na Kigobe, na Mungu akipenda zifike ng'ambo ya mto Ntahangwa.

Kanuni ya kwanza: jioni moja, albamu moja

Usiweke mbili, wala moja na nusu. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, iliyotolewa na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948, ilibeba kama dakika ishirini kwa kila upande. Kipimo hicho kiliwafundisha wanamuziki kupanga. Upande wa kwanza ulifunguliwa kwa wimbo wa kumkamata msikilizaji na kufungwa kwa wimbo wa kumfanya ainuke kugeuza sahani. Upande wa pili ulianza upya, kana kwamba mgeni kaingia mlangoni. Ukiuchomoa wimbo mmoja ukautupa katikati ya nyimbo za watu wengine, umeubomolea nyumba yake.

Kwa jioni ya kwanza, mwongozo huu unaamuru *Sambolera* ya Khadja Nin, ya mwaka 1996. Sababu ni tatu. Khadja Nin alizaliwa hapa Bujumbura mwaka 1959, kwa hiyo tunaanza na mtu wa kwetu. Anaimba Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, kwa hiyo hakuna mgeni wa Mutanga Nord atakayebaki nje ya wimbo. Na albamu yenyewe haina haraka. Inampa msikilizaji mgeni nafasi ya kujifunza kutulia.

Asiye na *Sambolera* aanze na ile anayoipenda kuliko zote, hata kama anaona haya kuitaja. Albamu unayoionea haya mbele ya watu ndiyo mara nyingi unayoijua vizuri zaidi, na mgeni ataisikia kupitia upendo wako kabla hajaisikia kupitia spika.

Kanuni ya pili: jalada lisomwe kwa sauti

Kabla ya noti ya kwanza, mwenyeji asimame asome jalada: jina la albamu, mwaka, wapigaji, studio, mtunzi wa kila wimbo. Wageni wasikilize kama wanavyosikiliza tangazo la harusi. Anayecheka arudishwe mwanzo wa orodha.

Kanuni hii ina historia nyuma yake. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi, na mwaka uliofuata kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikatoa santuri iliyoitwa *Musique du Burundi*. Mapigo ya ngoma yaliyokuwa ndani yake yalisafiri kuliko alivyowahi kusafiri mpigaji yeyote wa kijijini. Mwaka 1971 yalifunikwa kwa gitaa na kinanda na kutolewa kama "Burundi Black". Mwaka 1975 Joni Mitchell aliyaweka chini ya sauti yake katika "The Jungle Line". Miaka ya 1980 ilipoanza, vijana wa Uingereza walikuwa wanacheza muziki wa roki uliojengwa juu ya mdundo wa Burundi, na wengi wao hawakuweza kuionyesha Burundi kwenye ramani. Mdundo ulifika kila mahali, majina yakabaki nyuma. Sisi tulioachiwa majina tuna wajibu wa kuyataja.

Muziki wa kwenye flashi hauna jalada, na hilo si kisingizio. Chukua karatasi ngumu, andika kwa mkono jina la msanii, la albamu, mwaka, na nyimbo kwa mpangilio wake wa asili. Vijana wanaotujazia flashi huzipanga nyimbo kwa alfabeti, au zinakaa zilivyoangukia. Kazi ya kuzirudisha mahali pake ni yako. Karatasi hiyo itapita mkononi mwa kila mgeni, na atakayeondoka nayo kwa siri ahesabiwe kuwa mwanafunzi bora.

Kanuni ya tatu: spika zina mahali pake

Spika haiwekwi juu ya friji. Haiwekwi chini ya meza, haiwekwi nyuma ya kochi, na haiwekwi kwenye kona, ambako besi huvimba na kumeza sauti nyingine zote. Spika mbili ziwe kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyekaa, hatua moja kutoka ukutani, na kiti cha msikilizaji kiwe mbali nazo sawa na zilivyo mbali zenyewe kwa zenyewe. Sebule zetu zina sakafu ya vigae na kuta tupu, na sauti hurukaruka humo bila pa kutua. Tandika mkeka, shusha pazia zito, fungua kabati la nguo kama liko karibu. Nguo za familia nzima hazijawahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Atakayeuliza kwa nini spika mbili wakati ile moja ya bluetooth inatosha, mwekee rumba. Katika rumba ya Kongo gitaa ni tatu: moja inashika mdundo, moja iko katikati nayo huitwa mi-solo, na ya solo inapaa juu yao. Wimbo unapoingia kwenye sebene, ile sehemu ya gitaa inayoinua watu kucheza, gitaa hizo zinajibizana, na mara nyingi fundi wa studio ameziweka moja kushoto na nyingine kulia ili ujibizano huo usikike. Spika moja inazikusanya zote mahali pamoja, zinakuwa umati. Kwa spika mbili unawajua wapigaji mmoja mmoja, unajua nani amechokoza na nani amejibu. Mgeni akishawahi kuisikia mi-solo peke yake upande wa kushoto, hawezi tena kurudi alikotoka.

Mvua nayo ina kauli yake. Kuanzia Septemba au Oktoba, na tena kuanzia Februari hadi Mei, mabati yanaweza kuzima orkestra nzima. Mvua ikianza, simamisha albamu mwisho wa wimbo, nywa chai, ngoja. Kushindana na mvua kwa kuongeza sauti ni kuwaadhibu wanamuziki kwa kosa la mawingu.

Kanuni ya nne: umeme ukikatika, wimbo hauzimiki

Umeme utakatika. Hili lisimshangaze mtu, na lisimharibie mtu jioni. Kwanza okoa vifaa. Kama ni santuri, inua mkono wa sindano mara moja, sahani isije ikaanza kuzunguka kwa kusuasua umeme ukirudi huku sindano ikiwa ndani ya mfereji. Kama ni kaseti, bonyeza kitufe cha kusimamisha, maana tepu ikiachwa imebanwa kwenye kigurudumu chake cha mpira hujikunja na kuliwa. Chomoa waya ukutani, na umeme ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuchomeka. Mshtuko wa umeme unaorudi umeua redio nyingi kuliko uzee.

Pili, na hili ndilo kubwa, wageni waendelee na wimbo kutoka pale ulipokatikia. Kwa mdomo. Mwenye sauti aimbe, mwenye viganja apige, na ala zigawanywe.

Jioni moja tulikuwa katikati ya "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ule wimbo wa mwaka 1985 unaopita dakika kumi na ambao kila mtu wa umri fulani anadai kuujua. Giza likaingia. Kimya kilidumu kiasi cha mtu kutafuta kiberiti. Kisha jirani yetu, mama aliyestaafu kazi ya uuguzi, akaanza kulitoa gitaa la solo kwa ulimi, ti-ri-ri, ti-ri-ri, bila kukosea zamu hata moja. Mumewe akashika besi kwa kupiga mkono wa kiti. Kijana wa nyumba ya pili, ambaye wimbo huo ulitoka kabla hajazaliwa, akauliza gizani, "Mama, hiyo umejifunza wapi?"

"Nimeisikiliza, mwanangu," akajibu, na akaendelea, ti-ri-ri.

Hiyo ndiyo shahada. Mtu aliyeisikiliza albamu nzima, tena na tena, amebeba orkestra kichwani, na hakuna waya unaoweza kumkatia.

Kanuni ya tano: wageni ni wachache na chakula hakina mlio

Wageni wasipungue wawili, wasizidi sita. Mmoja peke yake hupata aibu ya kufumba macho akitazamwa. Wakizidi sita inakuwa sherehe, na sherehe ina mwongozo wake.

Mwaliko utolewe kwa mdomo, mlangoni, kwa heshima kamili: "Mzee, karibu Jumapili saa kumi na moja, tunamsikiliza Remmy Ongala." Tumia neno hilohilo, tunasikiliza. Ukisema "karibu tunywe", atakuja kunywa. Jumamosi asubuhi isipangwe, maana ni wakati wa kazi za maendeleo za jumuiya, na msikilizaji aliyeacha jembe lake nje ana mawazo mawili.

Ndagala wa kukaanga ni chakula kitamu, na mwongozo huu unawaheshimu, lakini wanalia kama kokoto mdomoni. Wataliwa wakati wa kugeuza upande. Mishikaki ya mbuzi na ndizi za kukaanga ziletwe albamu ikimalizika, kwa sababu vidole vyenye mafuta na santuri havikai chumba kimoja. Chupa zifunguliwe kati ya wimbo na wimbo. Anayefungua bia ya Primus katikati ya ubeti ataombwa aeleze mbele ya wote ubeti huo ulisema nini.

Kanuni ya sita: simu kwenye kikapu, midomo kwenye kufuli

Mlangoni kuwe na kikapu, na simu zote ziingie humo, ya mwenyeji ikitangulia. Daktari wa zamu na mwenye mgonjwa wanasamehewa. Mfanyabiashara hasamehewi.

Hakuna kuruka wimbo. Wimbo usioupenda ndio unaokufundisha kwa nini unaupenda unaofuata. Hakuna kusema "subiri, inakuja, inakuja sehemu yenyewe", kwa kuwa sehemu yenyewe inajua njia na itafika. Hakuna kutafsiri wakati mwimbaji anaimba; maelezo yana muda wake, upande ukimalizika. Kulia kunaruhusiwa. Kuinuka na kucheza kunaruhusiwa, na wakati wa sebene kunapendekezwa. Kuimba pamoja na msanii kunaruhusiwa kwa anayeyajua maneno. Asiyeyajua avume kwa chini hadi ayajue.

Upande ukiisha, kila mgeni aseme jambo moja alilolisikia. "Nzuri" si jambo. "Besi iliacha kupiga pale aliposema jina la mama yake" ni jambo. Watu wanaopewa nafasi ya kusema walichosikia huanza kusikiliza ili wapate cha kusema, na mwezi haupiti kabla wageni wako hawajaanza kusikia vitu ambavyo wewe, mwenye albamu, hukuwahi kuvisikia. Hiyo ndiyo riba ya kugawana muziki.

Kanuni ya saba: inanga kwa mnong'ono, ngoma kwa mchana

Ni aibu nyumba ya Bujumbura kuwa na muziki wa Kinshasa, Nairobi na Marekani bila hata dakika moja ya inanga. Kwa hiyo kila baada ya albamu tatu, ya nne iwe ya kwetu, na iwekwe inavyostahili.

Inanga ya mnong'ono inataka usiku, madirisha yaliyofungwa, na watu wasiozidi wanne, karibu na spika. Ala yenyewe ni kipande cha mti kilichochongwa kikawa na tumbo, na uzi mrefu unaokwenda na kurudi juu yake. Mpigaji haimbi, ananong'ona. Hapo ndipo pana ajabu ambayo mtafiti Cornelia Fales aliieleza vizuri: mnong'ono hauna noti, ni pumzi tupu, lakini nyuzi zinapopiga noti zikiandamana na maneno, sikio la msikilizaji huichukua noti ya nyuzi na kuivisha kwenye mnong'ono. Unasikia mtu akiimba ambaye haimbi. Wimbo unakamilikia ndani ya kichwa chako wewe uliyekaa kwenye kochi.

Jaribu mwenyewe. Zima taa. Weka rekodi ya inanga kwa sauti ya chini, kiasi ambacho mpigaji angekuwa amekaa mbele yako. Mwanzoni utasikia vitu viwili, nyuzi na pumzi. Usikaze sikio. Baada ya muda vinaungana, na hutajua viliungana wakati gani. Usitumie faili lililobanwa sana ili liingie kwenye simu ndogo: kubanwa hukata sauti za juu, na pumzi ya mnong'ono inaishi huko. Utabaki na nyuzi na mtu mwenye mafua.

Ngoma ni kinyume chake. Ngoma za kifalme, ambazo dansi yake UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, zinataka mchana, ua, na spika kubwa kupita zote mtaani. Azima kama huna. Kisha wagawie wageni kazi. Mmoja aifuate *inkiranya*, ngoma ya katikati inayotoa amri. Mwingine ayafuate *amashakwe*, yanayoshika mdundo usiobadilika. Mwingine avifuate *ibishikizo*, vinavyoifuata inkiranya inakokwenda. Kila mtu apige sehemu yake gotini kwa kidole. Wageni watapotea, watatazamana, watarudi. Mtu aliyewahi kupotea ndani ya amashakwe hatasema tena kwamba ngoma ni kelele.

Kanuni ya nane: kuazima kuna daftari

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hakika waliwahi kuazimisha albamu. Kwa hiyo nunua daftari. Lipige mistari: jina la albamu, ni santuri, kaseti, CD au flashi, aliyeichukua, tarehe ya kutoka, hali yake ilipotoka, hali yake iliporudi. Mwazimaji atie saini. Shemeji atie saini. Padri atie saini.

Usimwazime mtu albamu ambayo hamjaisikiliza pamoja. Isikilize kwanza ukiwa naye, ujue kama anaingojea sindano ishuke au anaisukuma. Na anaporudisha, asipokee "asante" yako kabla hajajibu swali moja: wimbo wa tatu wa upande wa pili unazungumzia nini? Akijua, mpe nyingine. Asipojua, mrudishie ileile, tarehe mpya, saini mpya.

Albamu zina maradhi, na mwazimaji apewe mafunzo ya huduma ya kwanza. Santuri isimame wima kama kitabu, isilale chini ya nyingine, isiachwe ndani ya gari juani. Jua la Bujumbura likiingia kupitia kioo litaikunja isinyooke tena. Ioshwe kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini kinachofuata mifereji yake.

Kaseti inahitaji mkono wa upole zaidi. Philips waliitoa mwaka 1963, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa maktaba ya Afrika Mashariki. C-90 ilipendwa kwa sababu kila upande una dakika arobaini na tano, santuri nzima inaingia, na bado panabaki nafasi ya wimbo mmoja wa zawadi. Ikikwama, usiivute. Ingiza penseli ya pembe sita kwenye tundu la gurudumu, zungusha taratibu hadi tepu ikaze, ukiangalia isijipinde: utepe wenyewe haufiki milimita nne kwa upana, na pindo moja tu ni shimo katika sauti ya mtu. Angalia kile kipande kidogo cha pamba ngumu kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha redio. Kikidondoka, kaseti itasikika kama inaimba chini ya blanketi, nawe utailaumu bure. Kichwa cha redio kisafishwe kwa spiriti na pamba. C-120 ni nyembamba mno; atakayeomba kuazima C-120 aje asikilize hapahapa.

Na pale unapoweza kununua kazi ya msanii aliye hai, inunue. Kumnakilia jirani nakala kumi za albamu ya kijana wa Buyenzi anayejitafutia ada ya studio si ukarimu, maana ukarimu ni wa kutoa kilicho chako.

Kanuni ya tisa: mgeni naye alete yake, na jirani asisahauliwe

Baada ya jioni nne, zamu inahama. Kila mgeni atachagua albamu na kuitetea. Hapa ndipo mwongozo unapokuwa mgumu kuliko kote, kwa sababu sasa ni wewe utakayekaa kimya.

Mzee ataleta Jean-Christophe Matata, aliyefariki mwaka 2011, na atataka kila wimbo urudiwe. Urudiwe. Shangazi ataleta kwaya ya kanisa lake. Isikilizwe yote, na jambo moja lisemwe mwisho wa upande. Kijana ataleta kitu kilichotengenezwa kwenye kompyuta chumbani mwa rafiki yake, nawe utataka kuuliza gitaa liko wapi. Usiulize. Mwulize yeye anasikia nini. Mtu mwingine ataleta Kidum, mtoto wa Bujumbura aliyeanza kwa kupiga dramu na akajenga jina lake Nairobi. Mwingine ataleta *Songs for the Poor Man*, ambayo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu na mkazi wa Dar es Salaam, aliitoa kwa kampuni ya Real World ya Uingereza mwaka 1989. Mtagundua kwamba Kindu, Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura zimekuwa zikiazimana wanamuziki kabla sisi hatujaanza kuazimana kaseti.

Kuna majirani ambao hawakualikwa, nao wana haki. Mtoto wa nyumba ya pili akiwa na mtihani kesho, albamu itangojea. Saa za sala zikifika, punguza. Na nyumba yoyote ya mtaa ikiwa na msiba, muziki unazimwa mtaa mzima, bila kuambiwa, kwa siku zote za kilio. Zima redio, vaa viatu, nenda ukakae nao. Familia ikishaondoa matanga, mpe wa kwanza kuchagua albamu yule aliyefiwa, kama anataka. Aghalabu atachagua aliyoipenda marehemu, na hapo mtamsikia marehemu kwa namna ambayo hotuba ya mazishi haikuweza.

Wazazi wetu walilijua hili bila mwongozo. Katika miaka ya vita, kuanzia 1993, amri ya kutotoka usiku iliwafungia majumbani mapema, na waliokuwa na redio ya kaseti waliisikiliza kwa sauti ya chini pamoja na yeyote aliyekutwa na saa ya amri ndani ya nyumba yao. Hawakuwa na nyimbo maelfu. Walikuwa na kaseti chache, na kila aliyekuwamo alizijua mpaka pale utepe unapokwaruza. Sisi tuna nyimbo zote za dunia mfukoni na uhuru wa kutembea usiku, na kwa utajiri huo hatuna kisingizio cha kusikiliza kila mtu peke yake, nusu wimbo kwa nusu wimbo.

Kwa hiyo chagua albamu leo, kabla hujalala. Andika karatasi yake ikiwa haina jalada. Ondoa spika juu ya friji. Kesho gonga geti la jirani ambaye huwa mnasalimiana tu, mwambie saa, mwambie jina la msanii, na mwambie mapema kwamba kuna kikapu cha simu mlangoni. Akikubali, mmeanza. Akikataa kwa sababu ya kikapu, gonga geti linalofuata; Mutanga Nord ina mageti mengi.